Je, wajua kwa nini watafiti wa kansa wanafuga nguruwe?

Jirani yangu hapa Majengo, Goma, ana nguruwe watatu katika banda la mbao lililosimama juu ya mawe ya volkano. Juzi nilimwambia kwamba Marekani kuna nguruwe wanaozaliwa wakiwa na jeni za kansa, zimewekwa na wataalamu kwa makusudi. Akaacha kumwaga maganda ya viazi.

"Eti mwalimu, sasa nyama yao nani anakula?"

Hakuna anayekula, Mama. Nguruwe hao ni wa maabara, hawafiki kwa mchinjaji, na kansa yenyewe haiambukizwi kwa kula nyama. Akatulia kidogo, kisha akauliza lile swali zuri: "Kwani panya wameisha?"

Hawajaisha. Mengi tunayoyajua kuhusu kansa tumeyapata kwa panya. Lakini panya wa maabara ana gramu 25 hivi. Daktari anayetibu kansa ya ini anaweza kuingiza bomba jembamba kwenye mshipa wa paja la mgonjwa, akalipandisha polepole mpaka kwenye ini, akamwaga dawa palepale penye uvimbe. Bomba hilo halipiti kwenye mshipa wa panya. Nguruwe wa kilo 60 analipokea bila shida, na analala kwenye skana ileile anayolala mtu.

Kuna na tofauti isiyoonekana kwa macho. Kila seli ikigawanyika, ncha za kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba jeni, hupungua, na zikipungua sana seli huacha kugawanyika. Panya ana kimeng'enya, telomerasi, kinachozirefusha tena ncha hizo katika sehemu nyingi za mwili wake. Kwetu sisi kimezimwa karibu kila mahali, na kwa nguruwe pia. Hiyo ni sababu mojawapo ya seli ya panya kugeuka kuwa ya kansa kwa urahisi kuliko yetu.

Sasa, kansa inawekwaje ndani ya nguruwe? Hapa nitaomba msaada wa chukudu. Kwa asiyeijua Goma, chukudu ni skuta ya mbao ya magurudumu mawili, inayoteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi au makaa, bila injini. Breki yake ni kipande cha mpira wa tairi kwenye gurudumu la nyuma, na dereva anakikanyaga kwa mguu.

Seli nayo ina breki. Mojawapo ni jeni inayoitwa TP53: seli ikiharibika, TP53 huisimamisha au huiamuru ife. Karibu nusu ya kansa za binadamu zina kasoro katika jeni hiyo. Jeni nyingine, KRAS, si breki, ni ya kusukuma. Kwa kawaida husukuma ikapumzika, ila ikipata kasoro fulani haipumziki tena. Mwaka 2015 timu ya Lawrence Schook wa Chuo Kikuu cha Illinois ilitangaza nguruwe mwenye kasoro zote mbili, msukumaji asiyechoka na breki iliyokatika. Wakamwita Oncopig.

Lakini mnyama mwenye jeni hizo zikifanya kazi mwili mzima tangu tumboni asingefika mbali. Basi wakafanya kama anavyofanya dereva wa chukudu akisimama mlimani: waliweka jiwe chini ya gurudumu. Mbele ya jeni hizo kuna kipande cha DNA kinachozizuia zisisomwe. Nguruwe anazaliwa mzima, anakula, ananenepa. Siku ikifika, daktari anadunga sindano yenye virusi vilivyodhoofishwa, vinavyobeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kiitwacho Cre. Cre inakata kile kipande na kukitoa. Jiwe limeondolewa, lakini katika seli zilizofikiwa na sindano tu. Wakitaka uvimbe kwenye ini, wanadunga ini. Wakitaka kwenye msuli, wanadunga msuli. Wanachagua mahali na siku. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko kufanana kote na binadamu.

Si nguruwe wote wa kazi hii wanaosubiri sindano. Mwaka 2012, München, Ujerumani, timu ya Angelika Schnieke ilionyesha nguruwe mwenye kasoro katika jeni ya APC, ileile inayojaza vinundu vinavyoweza kugeuka kansa kwenye utumbo mpana wa watu wa familia fulani. Huyo vinundu vinamwota vyenyewe, na wataalamu wanaweza kuvichungulia kwa kamera, mnyama yuleyule, tena na tena.

Bei yake, hata hivyo! Panya hubeba mimba wiki tatu. Nguruwe hubeba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, hesabu ambayo jirani yangu anaijua kwa kichwa, na kila siku anataka kula.

Tena nguruwe si mtu. Tazama ini lake bichi siku ya kuchinja: limegawanyika katika vyumba vidogovidogo kama sega la asali, kila kimoja na ukuta wake. Ini la mtu mzima mwenye afya halina kuta za namna hiyo. Na uvimbe mwingine wa Oncopig hukua, kisha hufifia wenyewe, seli za kinga zikiwa zimeujaa. Mwanzoni hiyo ilionekana kasoro ya nguruwe huyu kama mfano wa kansa ya mtu. Sasa wapo wanaoupasua uvimbe huo ili waone kinga imefanyaje mpaka ikashinda.