Lupango ya baba na fungu la sadaka

Kampemba, kwenye barabara ninayopita kila asubuhi nikienda mahakamani, kuna ukuta wa matofali ulioandikwa kwa rangi nyekundu: LUPANGO HII HAIUZWI. Lupango ni kiwanja chenye uzio, na mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa zaidi. Mara nyingi maandishi ya namna hiyo maana yake mwenye mali amekufa na watoto hawasemezani. Ukuta huu naujua kuliko wapita njia wengine, kwa sababu wosia uliozaa ugomvi wake niliuandika mimi. (Komini, yaani sehemu ya mji, nimebadilisha, nisiwatie watu aibu.)

Nilikuwa avoka, yaani wakili, mchanga bado. Mzee alikuja peke yake jioni, kofia mkononi, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, hati zake zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Alikuwa na lupango mbili. Ile ndogo alitaka iende kwa shirika linalolea watoto wa barabarani.

"Metre, watoto wangu usiwaambie," akasema, akiniita kama mawakili wanavyoitwa hapa. "Wataona nimezeeka vibaya."

Nikamheshimu. Tukaandika, tukafika kwa noteri, ofisa anayethibitisha hati, mihuri ikagongwa. Kisheria sikuona kasoro. Miaka minne baadaye, siku ya tatu ya kilio, watu wangali wamekaa kwenye mikeka, nikafungua bahasha. Mtoto wa kwanza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Hawa watu ni nani?" Nikakosa la kusema. Mle nyumbani hakuna aliyewahi kumsikia baba akitaja jina la shirika hilo, hata kwa bahati mbaya. Kwa watoto, lile lilikuwa jina la mgeni aliyeingia usiku na kubeba kiti.

Tangu siku hiyo nina desturi ambayo wateja wengine hawaipendi: fungu la sadaka, yaani sehemu ya wosia inayowaachia wahitaji, siandiki mpaka nimekaa na familia. Wengi hudhani ninawahubiria upendo. Ukweli ni kwamba hesabu yenyewe inadai hivyo, na hesabu hiyo watu wachache sana hapa mjini wameifanya.

Sheria yetu ya Familia hapa Kongo (DRC) ni ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Tuseme baba amefariki, ameacha nyumba na lupango walivyonunua ndani ya ndoa, thamani dola 24,000. Kama walioana bila kuchagua utaratibu mwingine wa mali, vilivyopatikana ndani ya ndoa ni vya wote wawili. Kwa hiyo dola 12,000 ni za mama tangu mwanzo, wala haziitwi mirathi. (Nimeona mashemeji wakigawana hata hizo, mjane akiwa chumbani amejifunika kitambaa.) Mirathi ni zile 12,000 zilizobaki. Watoto wanachukua robo tatu, yaani 9,000, na hapo ndani wamo watoto wa nje ambao baba aliwatambua akiwa hai. Robo inayobaki inakatwa vipande vitatu, kila kimoja sehemu moja ya kumi na mbili: 1,000 kwa mjane, 1,000 kwa wazazi wa marehemu, 1,000 kwa ndugu zake.

Sasa weka sadaka. Wosia hauruhusiwi kumega robo tatu za watoto. Kwa hiyo kile unachowaachia maskini kitatafutwa kwenye ile robo, na kwenye robo hiyo wameketi mke wako, mama yako mzee na wadogo zako. Mtu anakuja ofisini na moyo mweupe, anataka kuwasaidia yatima, kumbe anayeguswa mfukoni ni mama aliyemzaa, yuko Kipushi na miguu inamuuma. Ukishaiona hesabu hii, huwezi tena kusema "hii ni siri kati yangu na Mungu."

Na hiyo "familia" ya kuitwa ni nani? Hapa ndipo mikutano mingi inapochelewa kuanza. Kwa Wabemba ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba anaamini kabisa kwamba mpwa wake ndiye mrithi. Kwa Waluba wa Katanga unafuata upande wa baba. Mji huu ulijengwa na watu waliotoka kila pembe kufuata kazi ya shaba, wakaoana, na wajukuu wao leo wana desturi mbili ndani ya nyumba moja. Sheria imewaweka watoto mbele, iwe mila inasema nini, lakini mjomba hasomi sheria, anakuja kwenye kilio. Bora aje mapema, akae, ale bukari (ugali), asikie kwa masikio yake. Akikataa, tunajua anakataa nini wakati baba bado ana sauti ya kumjibu.

Mkutano mmoja wa Katuba sitausahau. Jumapili mchana, chini ya mwembe, viti vya plastiki na ndoo moja iliyogeuzwa kuwa kiti cha mtu aliyechelewa. Mama mwenye nyumba, muuza unga sokoni, alitaka kila mwaka kitu fulani kiwe kinatolewa hata baada yake. Wakwe walizungumza sana. Yaya mkubwa, yaani mkubwa wa watoto wake, alinuna. Kisha mjukuu wa miaka tisa, aliyetumwa kuleta maji, akasimama na jagi mkononi akauliza, "Bibi, kwani sasa unawapa nani?" Bibi akacheka, akaeleza: kila mwisho wa mwezi anampimia unga jirani mmoja asiye na mtu. Miaka kumi na moja. Mtoto wake wa kwanza alikuwa hajui. Dakika ile mazungumzo yakageuka. Hawakuuliza tena "kwa nini tutoe", wakaanza kubishana kiasi gani na nani apeleke.

Walichoamua ni kitu kidogo ambacho ninakinakili kwa familia nyingine bila haya. Walinunua kaye (daftari) ya shule, ya mistari, wakaitundika kwa kamba kwenye msumari jikoni. Kila kinachotolewa kinaandikwa: tarehe, kitu, nani kapeleka, nani kapokea. Watoto wanapewa zamu ya kuchagua. Mara moja walichagua sabuni na ndala kwa watoto wa barabarani, wakabeba wenyewe mpaka mlangoni, wakajionea waliozipokea. Kaye hiyo haina nguvu yoyote mahakamani, na niliwaambia hivyo. Lakini wosia ukija siku moja na kutaja watu wale wale walioandikwa jikoni kwa mwandiko wa watoto wenyewe, nani atauliza "hawa watu ni nani?"

Kuna jambo jingine ninaloliangalia kwenye mikutano hii: nani atakuwa likidateri, yule anayesimamia na kugawa mirathi. Kama hakuna aliyetajwa, kwa kawaida inakuwa mkubwa wa warithi au yule waliyekubaliana wenyewe. Yeye ndiye atakayeshika funguo. Kama amenuna leo chini ya mwembe, sadaka yako itanuna naye. Yule yaya mkubwa wa Katuba tulimpa kazi ya kutunza kaye. Sikuwa na hila nyingine.

Sasa mitego miwili, haraka haraka. Wa kwanza ni ardhi. Kiswahili kina neno wakfu, na watu wanapotoa lupango kwa shirika au kanisa wana picha hiyo kichwani: imetoka, imetoka milele. Lakini tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni ya Serikali, sisi tunapewa haki ya kuitumia, na haki ya kudumu anapewa Mkongomani mwenye mwili na damu peke yake. Shirika halipewi. Lenyewe linapata haki ya miaka isiyozidi 25, inayoweza kuongezwa. Kwa hiyo lupango yako ikishahamishiwa jina la shirika, kuna mtu atapaswa kukumbuka tarehe na kufuata makaratasi kwa konsavateri wa hati za ardhi. Nikiona shirika lenyewe halina hata kabati la mafaili, nawashauri wabaki na lupango, waipangishe, kodi ndiyo iende kwa wahitaji. Wengine hawafurahi, wanataka jina la baba kwenye kibao.

Wa pili ni mwandiko. Wosia wa mkono lazima uandikwe wote kwa mkono wa mwenyewe, uwe na tarehe na sahihi. Siku hizi wajukuu wana kompyuta, wanampigia babu chapa karatasi safi, babu anatia sahihi chini, wote wanafurahi. Wosia wa namna hiyo nimeuona ukianguka mbele ya jaji kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Asiyeweza kuandika vizuri aende kwa noteri au kwa ofisa wa hali ya raia (anayeandikisha vizazi, ndoa na vifo) wa komini yake.

Watu huniuliza kama mkutano mmoja unatosha. Kwa yule mama wa Katuba ilikuwa mitatu, na wa pili ulivunjika kwa matusi. Kwenye ule wa tatu mjomba alikuja na kuku. Mama aliandika wosia wake mwenyewe mezani, kwa kalamu ya bluu, polepole, mjukuu akimshikia taa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Alipofika kwenye fungu la sadaka alisimama, akaomba aletewe kaye kutoka jikoni, alinakili jina la jirani lisije likakosewa.