Nyumba ya Mombasa inahesabiwa: dhana potofu kuhusu nafuu ya ushuru wa stempu Uingereza

"Nyumba ya Afrika haihesabiwi." Dhana hii inawatia hasara Waswahili wanaonunua nyumba Uingereza kuliko nyingine yoyote, na bado inarudiwa harusini na kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba imeandikwa kwenye sheria. Haimo. Nafuu ya SDLT, ule ushuru wa stempu unaolipwa mtu anaponunua nyumba England au Ireland ya Kaskazini, ni ya yule ambaye hajawahi kumiliki nyumba ya kuishi mahali popote duniani. Likoni imo, Tabata imo, Bukavu imo, Muscat imo.

Hakuna anayekuuliza kama una nyumba leo. Swali ni kama umepata kuwa nayo. Uliyoiuza kabla ya kupanda ndege inahesabiwa. Uliyopewa na baba bila kulipa hata senti inahesabiwa. Fungu lako la urithi, hata kama mko ndugu saba na wewe hujawahi kulala humo, linahesabiwa. Wala usijikinge na hoja kwamba Tanzania ardhi ni ya umma na wewe una haki ya kuimiliki kwa miaka 99 tu: kinachoachwa nje ni pangisho lililobakiza chini ya miaka 21.

Kiwanja kitupu ni habari nyingine, kwa sababu ardhi isiyo na jengo si nyumba ya kuishi. Lakini jengo ambalo ujenzi wake umekwisha kuanza huhesabiwa kuwa nyumba, kwa hiyo aliyenunua "pagala" lililofika kwenye lenta amenunua nyumba. Kama ulinunua kiwanja ukajenga mwenyewe, mpe mwanasheria hati ya kiwanja na tarehe za ujenzi kabla hajajaza fomu ya SDLT. Na kama nyumba imeandikwa jina la mama huku nyote mnajua ni yako, mwenye nyumba ni wewe. Ukiwa ulimjengea mama kweli, ikawa yake, pesa ulizotuma hazikufanyi mmiliki.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu hushtuka. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, mnunuzi wa mara ya kwanza halipi kitu kwa pauni 300,000 za mwanzo, kisha hulipa asilimia 5 kwa kiasi kilicho kati ya 300,000 na 500,000. Nyumba ya pauni 350,000 inamtoza 2,500. Asiyestahili nafuu hulipa kwa viwango vya kawaida: sifuri hadi 125,000, asilimia 2 hadi 250,000, na asilimia 5 kwa inayozidi hapo mpaka 925,000. Nyumba ileile inamtoza 7,500.

Na anayemiliki bado nyumba ya Mombasa yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi, karibu shilingi milioni 7 za Kenya, hakosi nafuu tu. Anaongezewa asilimia 5 juu ya bei nzima, kiwango kilichopanda kutoka 3 tarehe 31 Oktoba 2024. Bili yake kwa nyumba ileile ya 350,000 ni pauni 25,000. Mtu aliyejiandaa kulipa 2,500 anapata wapi 22,500 zaidi wiki ya kukabidhiwa funguo? Ununuzi huvunjika, na aliyekwisha kubadilishana mikataba na muuzaji, yaani amejifunga kisheria kununua, hupoteza arubuni yake.

Kuna msamaha mdogo: fungu la urithi lisilozidi nusu ya nyumba haliongezi ile asilimia 5 kwa miaka mitatu tangu ulipate. Linakuepusha na nyongeza peke yake. Nafuu ya mnunuzi wa kwanza haikurudii.

Wapo wanaoshauri kunyamaza, eti HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, haiwezi kujua ya Kilifi. Ushauri huo ni wa hatari na anayeutoa hatalipa badala yako. Mamlaka inaweza kurudi nyuma miaka 4, miaka 6 kwa uzembe, na miaka 20 kwa aliyedanganya makusudi. Adhabu ya kukusudia hufika asilimia 70 ya kodi iliyokwepwa, na 100 ukiwa umeficha ushahidi, mbali na kodi yenyewe na riba.

Dhana ya pili: "Niandike mimi peke yangu, mume wangu ndiye mwenye nyumba Dar." Haisaidii. Wanandoa wanaoishi pamoja huhesabiwa kama mtu mmoja kwenye nyongeza ya asilimia 5, na ununuzi wenye nyongeza hiyo haupewi nafuu. Wachumba ambao hawajafunga ndoa hawahesabiwi hivyo, lakini mkiandikwa wote wawili, lazima wote wawe wanunuzi wa kwanza.

Vivyo hivyo kwa mzazi anayeingia kwenye hati ili mkopo utoshe. Mzazi aliyewahi kuwa na nyumba anaiondoa nafuu yote, si nusu. Zawadi ya arubuni haina tatizo, na udhamini vilevile. Au tafuteni mkopo ambao mzazi ni mkopaji mwenza lakini hatimiliki ina jina la mtoto tu. Mwambieni dalali wa mikopo mapema, kwa kuwa si kila benki inao.

"Ikizidi 500,000 nalipia ile ziada." Hapana. Ikizidi kwa pauni moja, nafuu yote imekwenda. Kwa 500,000 unalipa 10,000; kwa 501,000 unalipa 15,050. Shusha bei, au lipia mazulia na fanicha kando kwa thamani yake halisi, si ya kubuni.

Nyumba ya kupangisha haipewi nafuu. Lazima uwe unakusudia kuishi humo kama makazi yako makuu. Wales haina nafuu hii kabisa, ila kila mnunuzi wa nyumba ya makazi makuu husamehewa pauni 225,000 za mwanzo. Scotland mnunuzi wa kwanza huanza kulipa bei ikizidi pauni 175,000.

La mwisho ni kudhani nafuu inakuja yenyewe. Inaombwa kwenye fomu ya SDLT kwa namba 32, ambayo ndiyo namba ya nafuu hii, na fomu pamoja na malipo vinatakiwa ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha ununuzi. Ukichelewesha fomu, faini ni pauni 100, na baada ya miezi mitatu 200. Iombe fomu usome kabla mwanasheria hajaituma. Ukikuta namba 32 imesahauliwa, una miezi 12 tangu tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kuirekebisha na kudai ulichozidisha.