Filamu ya vichekesho ya kusaka hazina ni nini?

Filamu ya vichekesho ya kusaka hazina ni ile ambayo wahusika wake wanaamini kwamba mali nyingi imefichwa mahali wasipopajua, wanashindana kuifikia, na mtazamaji anacheka kwa sababu ya mambo wanayokubali kuyafanya njiani. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoitofautisha na filamu ya ujasiri yenye ramani, mapango na visiwa. Katika filamu ya ujasiri, kila hatari inamkuza shujaa machoni petu, ilhali katika kichekesho kila hatua inampunguzia msakaji heshima, hata ikifika mwisho hatujui kama tumcheke au tumhurumie.

Ulaya ina kisa kimoja kinachoieleza dhana hii kuliko vingine vyote, nacho ni kile cha viti kumi na viwili. Kilianza kama riwaya ya Ilya Ilf na Yevgeny Petrov, iliyotoka katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1928, na baadaye kikaigizwa katika filamu za nchi nyingi, ya Leonid Gaidai ya mwaka 1971 ikiwa miongoni mwa zilizopendwa sana na Warusi wenyewe. Kisa chenyewe ni hiki: Ippolit Vorobyaninov, kabaila wa zamani ambaye mapinduzi ya 1917 yamemgeuza karani wa ofisi ya usajili katika mji mdogo, anaambiwa na mama mkwe wake aliye katika kukata roho kwamba alizishona almasi zake ndani ya kiti kimoja cha seti ya viti kumi na viwili. Viti hivyo vilichukuliwa na serikali pamoja na nyumba. Vorobyaninov anaanza safari ya kuvitafuta, akishirikiana na tapeli kijana, Ostap Bender, ambaye ana maneno mengi na soni haba. Nyuma yao yupo Padri Fyodor wa Kanisa la Kiorthodoksi, aliyeipata siri hiyo kwa kumwungamisha bibi yule, naye akaamua kunyoa ndevu na kuingia mbioni.

Kiti ni chaguo la werevu mkubwa. Sanduku la dhahabu huzikwa likakaa mahali pamoja, lakini kiti huuzwa, huazimwa, hugawiwa ofisi, hupelekwa jukwaani na kikundi cha maigizo, na kila anayekikalia hana habari ya kilichomo. Kwa hiyo msakaji analazimika kuingia katika nyumba na idara ambazo asingezikanyaga maishani mwake, na filamu inapata nafasi ya kuionyesha jamii nzima, kuanzia wahariri wa magazeti hadi mabaharia wa mto Volga, bila kuhitaji kisingizio kingine. Aidha, viti vyote vinafanana. Mtu hawezi kujua amepata au amekosa mpaka akichane kitambaa na kuzitoa springi, na kila kiti kinachochanwa bure kinaongeza hamu ya kukipata kinachofuata.

Mfano mzuri ni tukio la mnada mjini Moscow, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kisa chote. Viti kumi kati ya vile kumi na viwili vinaletwa pamoja mbele ya macho ya Vorobyaninov na Bender, Bender anapandisha bei kwa kujiamini, na nyundo inagongwa kwa rubli 200. Viti ni vyao. Kisha karani anawakumbusha ada ya mnada ya asilimia 15, yaani rubli 30 zaidi, na hapo inabainika kwamba Vorobyaninov amekwisha kutapanya fedha zake mgahawani usiku uliotangulia, akijaribu kumpendeza binti aliyeolewa. Ununuzi unafutwa, viti vinauzwa kimoja kimoja, vinatawanyika mjini, na safari inaanza upya. Ni muhimu kuona kwamba hawakushindwa na adui wala na bahati mbaya. Kilichowaangusha ni tabia ya mmoja wao, na kichekesho cha namna hii hupata nguvu pale kikwazo kinapotoka ndani ya msakaji mwenyewe.

Padri Fyodor naye anawakilisha upande mwingine wa dhana hii, yaani msakaji anayefuata dalili ya uongo kwa bidii ya kweli. Yeye anaandama seti nyingine kabisa, anamwandikia mkewe barua za kumtaka auze vitu vya nyumbani, anawapigia magoti wenye viti hivyo wamwuzie, na hatimaye anavipasua kwa shoka ufukoni karibu na Batumi bila kukuta kitu. Mtazamaji alikwisha kujua kwamba viti hivyo si vyenyewe, na ujuzi huo ndio unaofanya uchungu wa padri uchekeshe.

Mwisho wa riwaya ni mkali. Kikiwa kimebaki kiti kimoja, Vorobyaninov anamkata Bender koo kwa wembe akiwa usingizini ili asigawane naye, halafu anakwenda peke yake kwenye klabu ya wafanyakazi wa reli na kukuta kiti kitupu. Mlinzi anamweleza kwa furaha kwamba almasi zilishapatikana na klabu ile nzuri imejengwa kwa thamani yake. Hazina, kwa hiyo, haikupotea. Amesimama juu yake na kuikanyaga sakafuni. Mel Brooks, katika filamu yake ya Kimarekani ya mwaka 1970 iliyopigwa picha Yugoslavia, alimwacha Bender hai, jambo linalopendeza zaidi ingawa linapunguza makali.

Kisa kilipovuka mipaka kilibadilika kwa namna inayofaa kuangaliwa. Wacheki na Wapolandi waliungana kukifanyia filamu mwaka 1933, wakiwatumia wachekeshaji wao wakubwa, Vlasta Burian na Adolf Dymsza. Uingereza ilifuata mwaka 1936 ikimweka mbele George Formby, mwimbaji aliyependwa sana na watu wa kawaida. Katika filamu ya Kijerumani ya mwaka 1938, yenye Heinz Rühmann na Hans Moser, na tena katika ile ya Italia na Ufaransa ya mwaka 1969, yenye Vittorio Gassman na Sharon Tate, viti vinafika kumi na vitatu, na mrithi ni kinyozi anayeviuza mwenyewe kabla ya kujua siri. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini linageuza maana: Vorobyaninov anakimbilia utajiri wa tabaka lililokwisha kuporomoka, wakati kinyozi anajaribu tu kurekebisha uamuzi wa haraka. Kinyozi tunamtakia mema, na kwa sababu hiyo kicheko kinakuwa chepesi.

Watu huchanganya aina hii na kichekesho cha wizi. Wezi wa Roma katika filamu ya Mario Monicelli ya mwaka 1958 wanajua tangu mwanzo kasha la fedha lilipo, nalo lina mwenyewe. Mpango wao ni kutoboa ukuta wa nyumba ya jirani, wanatoboa ukuta usio wenyewe, wanatokea jikoni mwa nyumba ileile na kuishia kula tambi na dengu. Uroho ni uleule na aibu ni ileile, ila kinachowashinda ni utekelezaji wa mpango, si kutojua mali ilipo, na kwa kipimo hicho filamu hiyo haiwekwi pamoja na zile za viti.