“Amri Zote Nimeshahifadhi, Mwalimu”

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete, Pemba, alikuja chumbani kwangu Mlandege, Unguja, na daftari lenye jalada la plastiki. Ndani yake mna kurasa 40 za amri za ruta na swichi, vile vifaa vya kuunganisha mitandao ya kompyuta, zimeandikwa kwa wino wa rangi mbili, mistari imenyooka utadhani kapiga chapa. “Mwalimu,” akaniambia, “amri zote nimeshahifadhi. Nimebakisha kulipia mtihani tu.”

Mtihani wenyewe ni CCNA 200-301, wa cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Ni dola 300 za Marekani, na ukifeli hazirudi. Nikamwambia afunge daftari, nikamfungulia Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, nikampa swali la vitendo: lile la kurekebisha mtandao badala ya kuchagua jibu.

Maneno hayo nimeyasikia mwaka huu mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Leo nayajibu kwa maandishi, pamoja na ndugu zake wanaofuatana nayo, ili atakayekuja nayo tena nimpe asome kwanza, ndipo tuzungumze.

“Swali la vitendo ni kukumbuka amri”

Zoezi nililompa lilikuwa jepesi. Swichi mbili zimeungwa kwa tranki, yaani njia moja inayobeba VLAN kadhaa, na VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi; kila swichi ina kompyuta mbili, moja ya VLAN 10 na moja ya VLAN 20. Za VLAN 10 zinaonana. Za VLAN 20 hazionani. Rekebisha, na visivyohusika usiviguse.

Vidole vyake ni vyepesi, hilo sikatai. `enable`, `configure terminal`, akaingia kwenye poti ya tranki, akaandika `switchport mode trunk`. Poti ilikuwa tranki tangu mwanzo. Akaifuta VLAN 20, akaiunda upya. Akazima poti, akaiwasha. Akahamia swichi ya pili, akarudia yote yale kwa mpangilio uleule wa daftari. Dakika 18 zikapita. Katika dakika zote hizo hakuandika `show`, amri ya kutazama kilichopo, hata mara moja.

Nikamwambia aandike `show interfaces trunk`. Jibu likaja kwenye kioo kimoja: VLAN zinazoruhusiwa kupita kwenye tranki ni 1 na 10. Basi. Ya 20 haimo. Ugonjwa wote ulikuwa hapo, umeandikwa wazi, na swichi ilikuwa tayari kuusema tangu dakika ya kwanza lau ingeulizwa.

“Aa, hiyo naijua!” Akaandika haraka: `switchport trunk allowed vlan 20`. VLAN 20 ikaitika. VLAN 10 ikafa.

Amri hiyo bila neno `add` haiongezi kitu. Inafuta orodha ya zamani na kuweka mpya. Alitakiwa aandike `switchport trunk allowed vlan add 20`. Daftarini mwake amri ilikuwemo, tena amepigia mstari kwa wino mwekundu, ila `add` haikuwemo kwa sababu video aliyonakilia ilianza na swichi tupu.

Simcheki. Kosa hilohilo nililifanya mimi mwenyewe katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, nilipokwenda kuwaongezea VLAN ya kamera. Kamera ziliwaka vizuri sana. Mapokezi, mashine za kadi zikanyamaza, na kuna wageni wamesimama na mabegi wanataka kulipa waondoke. Nilikimbia toka chumba cha seva mpaka mapokezi nikiwa na soksi, kwa sababu viatu nilivivua mlangoni. Tangu siku hiyo sigusi tranki ya mtu kabla ya kuitazama.

Kuhifadhi juzuu ni jambo la heri, na kijana aliyehifadhi Amma akiwa mdogo ana kichwa kinachoshika. Lakini swichi haikusomei aya ya kwanza wewe ukaendeleza ya pili. Inakupa mtandao ambao mtu mwengine ameshauanza, pengine ameuharibu, na inataka uone kilichopo kabla ya kuongeza chako. Ndicho kinachopimwa. Amri ni chombo tu, kama msumeno kwa seremala. Hapana anayempa seremala kazi kwa sababu anajua kuutamka msumeno.

Na aliyekariri hukwama pa dogo kabisa. Kwenye Packet Tracer, swichi ya Cisco ya modeli 2960 ukiiandikia `switchport trunk encapsulation dot1q` inakukatalia, kwa sababu inajua dot1q, namna moja ya kutia lebo za VLAN, peke yake na haina cha kuchagua. Ukihamia 3560, usipoiandika amri hiyo kwanza, `switchport mode trunk` ndiyo inayokataliwa. Mwenye kukariri akikutana na alama ya kukataliwa uso humpauka, akadhani kompyuta mbovu. Mwenye kuelewa husoma lile kataa, akacheka, akaendelea.

OSPF, itifaki ambayo ruta huambizana njia, ndiyo kabisa. Wanafunzi wangu nusu huamini kwamba ruta mbili haziwi majirani mpaka namba ya prosesi ifanane, eti kwa kuwa kwenye video zote mbili ziliandikwa `router ospf 1`. Namba ile ni ya ndani ya ruta yenyewe. Huku weka 1, kule weka 77, zitaamkiana tu. Vinavyotakiwa kufanana ni eneo, maski ya intafesi (namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao) na vipima muda: kwenye Ethernet hello, yaani salamu, ni kila sekunde 10, na dead, muda wa kungoja kabla ya kumhesabu jirani amekufa, ni sekunde 40. Badilisha hello upande mmoja tu, ujirani unavunjika. Na ukiona `passive-interface` imewekwa kwenye intafesi inayoelekea kwa mwenzako, usihangaike na mengine: ruta hiyo imefungwa mdomo upande huo.

Dawa yangu ninaiuza kwa kila mwanafunzi, na wengi huichukia wiki ya kwanza. Baada ya Isha kaeni wawili. Jengeni mtandao mdogo unaofanya kazi, uhifadhini faili. Mmoja atoke akanunue kahawa na kashata. Aliyebaki avunje kitu kimoja, kimoja tu: gateway (mlango wa kutokea mtandaoni) ya kompyuta moja, poti iliyozimwa, VLAN isiyoundwa, ACL (orodha ya wanaoruhusiwa na wanaokataliwa kupita) iliyosahau kwamba mwisho wake kuna kataa lisiloandikwa. Mwenzake akirudi ana dakika 10, na sharti la kwanza ni kwamba haruhusiwi kuingia `configure terminal` mpaka aseme kwa mdomo kosa ni nini na ameliona wapi. Kahawa ipoe kama inataka kupoa.

Kwa kuanzia zinamtosha `show ip interface brief`, `show vlan brief`, `show interfaces trunk` na `show ip route`. Ruta zikiwa na OSPF aongeze `show ip ospf neighbor`. Akimaliza kurekebisha, azirudie zilezile kuthibitisha, ndipo ahifadhi kwa `copy running-config startup-config`. Swali linapotaka kazi ihifadhiwe na wewe ukanyanyuka bila ya kuihifadhi, umeuza samaki ukasahau pesa.

Kijana wa Wete tumemwekea utaratibu huo kwa mwezi mzima. Daftari bado ni lake, ila limelala kabatini kwangu.

“Nina dampo la mwaka huu”

Wenyewe wanaziita dampo, na jina limewafaa. Ni maswali yaliyoibwa na majibu yake, mengi ya majibu hayo yamekosewa, yanazunguka kwenye makundi ya simu kama uvumi wa msibani. Kabla ya kuanza mtihani unakubali kwa kubofya kwamba yaliyomo hutayatoa nje. Kukiuka kunaweza kukufutia cheti na kukufungia mlango. Hilo kando, kwa swali la vitendo dampo halina hata faida ya haramu. Umekariri kwamba jibu ni poti 0/1 na anwani inayoishia na 94. Ukibadilishiwa sabneti tu, yaani kipande cha mtandao chenye anwani zake, umekwisha.

“Kiingereza ndicho kilichoniangusha”

Hapa kuna ukweli kidogo. CCNA inatolewa kwa Kiingereza na Kijapani, Kiswahili hamna. Lakini nikikaa na aliyefeli na kumpa swali la mfano, mara nyingi naona hakukosa msamiati, alikosa subira. Swali linasema ruta ipewe anwani ya mwisho inayotumika katika 192.168.20.64/27. Yeye anaona namba, anaweka ya kwanza, 65, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Ya mwisho ni 94. 95 ni ya matangazo. Neno “last”, yaani “mwisho”, analijua tangu skuli ya msingi.

Soma kazi zote mara mbili kabla ya kugusa kibodi. Maneno ya sharti, kama vile “tu”, “pekee”, “bila ya kubadilisha”, yaandike kwenye kile kibao cha kufutika unachopewa kwenye kituo cha mtihani. Anayesoma huku anaandika amri atarekebisha kitu ambacho hakuulizwa.

“Ya vitendo nitayaruka, nitarudi mwisho”

Inategemea mtihani gani. Network+, mtihani mwengine wa mitandao wa shirika la CompTIA, toleo N10-009, ina dakika 90 na maswali yasiyozidi 90. Ya vitendo mara nyingi hutangulia, na unaweza kuweka alama ukarudi. Huko ruka kwa raha zako, mimi mwenyewe ndivyo ninavyoshauri, kwa sababu swali moja la kuburura nyaya linaweza kukula robo saa wakati maswali mepesi yanakungoja. CCNA ina dakika 120, na ukishabofya kwenda mbele hurudi nyuma. Huko kuruka ni kuacha. Vilevile hakuna muda wa pembeni kwa ajili ya vitendo; saa ni hiyohiyo moja.

“Alama ya kupita ni 825”

Nani kakwambia? Cisco haitangazi alama ya kupita ya CCNA. CompTIA inatangaza: Network+ ni 720 kwenye kipimo cha kuanzia 100 hadi 900, na hiyo si asilimia 80, msinipigie hesabu hiyo tena.

“Bila ya ruta za kweli hujifunzi”

Packet Tracer ni ya bure, unajisajili tu Cisco Networking Academy, na inakwenda hata kwenye laptopu ya kizamani. Umeme ukikatika, betri ina saa mbili, unaendelea. Kwa CCNA inatosha. Ila ni mwigo, haina kila amri, na aliye na mashine yenye nguvu anaweza kuongeza GNS3, programu nyengine ya kuigiza mitandao. Mtu kuuza pikipiki ili anunue swichi tatu za mtumba zinazopiga kelele kama mashine ya kukobolea mpunga, huo ni wazimu. Nimemwona aliyefanya hivyo. Swichi sasa zimeshikilia mlango usifungwe na upepo.

“Bora nifanyie nyumbani, kuvuka hadi Dar ni gharama”

Mtihani wa nyumbani upo, na msimamizi anakutazama kwa kamera. Masharti yake ni chumba kitupu, meza tupu, na asiingie mtu mpaka umalize. Niambieni nyumba gani ya ukoo pale Kikwajuni inakaa saa mbili bila ya mtoto kusukuma mlango au shangazi kuuliza kama umeshakula. Zaidi ya hapo, intaneti ikiyumba katikati ya kuseti ACL, moyo nao unayumba.

Mimi nawaambia wavuke, tena wavuke siku moja kabla. Boti ya alfajiri ya siku hiyohiyo bahari ikichafuka inakufikisha Dar umetapika, na mtu aliyetapika hatofautishi maski na wildcard, maski iliyopinduliwa. Na tazameni jina mlilojisajilia: liwe sawasawa na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu, la baba na la babu, mara tunaandika mawili, mara tunapindua. Mwanafunzi wangu mmoja alisajiliwa Khamis kwa “Kh”, kitambulisho kina “H”, akabaki kaunta anaeleza historia ya familia yake huku saa yake ya mtihani inapita. Chukueni pasipoti kama mnayo, na mjisajili mkiwa mmeifungua mbele yenu.