"Fizikali ya DOT": dereva wa lori Marekani akiambiwa anafaa kiafya, maana yake nini?

Mtu anaweza kuwa na kisukari cha kuchoma sindano kila siku na bado akaruhusiwa kuvuta trela kutoka Texas hadi Ohio. Mwingine hajaumwa hata kichwa mwaka mzima, lakini akifika kwa mpimaji anarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu presha imesoma 184/112. Ukielewa kwa nini yote mawili ni sawa kisheria, umekielewa kipimo ambacho madereva wetu walioko Marekani wanakiita fizikali ya DOT.

DOT ni Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, na ndani yake kuna FMCSA, mamlaka inayosimamia usalama wa magari ya biashara. Kanuni zake zinamtaka dereva achunguzwe mwili na kupewa cheti, ile kadi ya afya, kisichozidi miezi 24. Jambo linalotafutwa ni hili: mwili huu ukiwa kwenye usukani, unaweza kuzimika ghafla, kushindwa kuona au kushindwa kulitawala gari? Ugonjwa peke yake haujibu swali hilo. Ugonjwa uliodhibitiwa na usiodhibitiwa ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo neno "kufaa" linapokaa.

Wengi hudhani kadi hii ni ya wenye CDL tu, ile leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara. Sivyo. Leseni hiyo huanza kudaiwa gari likiwa na uzito wa pauni 26,001, lakini kadi ya afya huanza kudaiwa kwenye pauni 10,001, kama kilo 4,536, gari la biashara likivuka mpaka wa jimbo. Kwa hiyo kijana anayehamisha samani kwa lori la boksi kati ya majimbo mawili anaihitaji pia. Na apimwe na mtu aliye kwenye orodha ya taifa ya wapimaji. Tangu Mei 2014, daktari asiyekuwamo humo hawezi kukusainia, hata awe anakutibu miaka kumi.

Chumbani unaanza na fomu ya historia ya afya: umewahi kuzimia, umepata degedege, unakoroma sana, unatumia dawa gani. Halafu macho: kila jicho lifikie angalau 20/40 kwenye ubao wa herufi, kwa miwani au bila miwani, na utambue nyekundu, kijani na rangi ya kaharabu. Mwenye jicho moja lisilofikia hapo hakufungiwa mlango. Tangu Machi 2022 ipo njia yake, kupitia taarifa ya mtaalamu wa macho.

Kwenye masikio pana jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili ni vizuri alijue mapema. Mpimaji husimama umbali wa futi 5, wewe unaziba sikio moja, naye ananong'ona maneno au tarakimu ili uyarudie. Masikio yako yanaweza kuwa mazima kabisa ukababaika tu kwa sababu neno la Kiingereza lililonong'onwa hulijui. Mwombe atumie tarakimu, au uulizie kipimo cha mashine.

Mkojo nao umezua hofu isiyo na sababu. Kwenye fizikali, kijikaratasi chenye viboksi vya rangi huchovywa kikombeni na baada ya muda mfupi kinaonyesha kama kuna sukari, protini au damu. Kipimo cha dawa za kulevya ni kingine: chupa inafungwa kwa lakiri mbele yako, unaandika herufi za jina lako juu yake, inapelekwa maabara. Mara nyingi vyote viwili hufanyika siku moja, ndiyo maana watu huvichanganya. Na bangi, hata katika jimbo lililoihalalisha, bado inakuondoa barabarani kwa sheria za shirikisho.

Presha ndiyo inayowakamata wengi, maana haiumi. Mwongozo wa FMCSA unakwenda hivi: chini ya 140/90, kadi ya miaka miwili. Kuanzia 140/90 hadi 159/99, mwaka mmoja. Kuanzia 160/100 hadi 179/109, kadi ya miezi mitatu, mara moja tu, ili ukatibiwe. Ikifika 180/110, hakuna kadi mpaka ishuke, na baadaye utapimwa kila miezi sita. Nimeona watu wakiipokea kadi ya miezi mitatu kama tusi. Mimi naiona kama nafasi: unaendelea kufanya kazi huku dawa inaanza kukusaidia. Usiende kupima ukiwa umekesha barabarani na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu mkononi, kisha ukaushangaa mshipa wako.

Kwa anayetumia insulini, mambo yalibadilika Novemba 2018. Zamani alihitaji kibali maalumu cha serikali kuu. Sasa daktari anayemtibu anajaza fomu MCSA-5870, dereva anaonyesha kumbukumbu za sukari za miezi mitatu kutoka kwenye mashine yake ya kupimia sukari, na akifaa anapewa kadi isiyozidi miezi 12. Fomu hiyo ikishasainiwa, fizikali ianze ndani ya siku 45. Ukichelewa, unarudi kwa daktari kuomba nyingine.

Kuna wanaotia "hapana" kwenye kila swali la historia. Naelewa kinachowasukuma: kodi ya nyumba, ada za watoto nyumbani Bujumbura au Kisumu. Lakini uongo kwenye fomu ile unaweza kubatilisha cheti na kukuletea faini, na anayekatika pumzi usingizini akanyamaza atasinzia usukanini saa tisa usiku. Akisema, mpimaji anaweza kumtuma apimwe usingizi. Akishaanza kulala na mashine ya kupumulia, anampelekea mpimaji taarifa ya matumizi yake, na mara nyingi kadi anaipata.

Kwa wenye CDL, cheti kikiisha bila kipya kufika kwenye rekodi za jimbo, leseni inashushwa daraja, na kuirudisha kuna foleni na malipo. Kapime wiki kadhaa kabla ya tarehe, ukiwa na majina na vipimo vya dawa zako, miwani yako, na barua ya daktari anayekutibu.