Je, wajua kwa nini chuma kikiganda kinaota matawi kama mti?

Umeshawahi kuliangalia bati jipya kwa karibu, yale maua maua yanayong'aa, mengine yana mishipa inatoka katikati inakimbilia pembeni utadhani kuna mtu kayachora? Hakuna aliyechora. Ni fuwele za zinki (fuwele ni kitu kigumu ambacho atomi zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia) zimejiotea zenyewe wakati zinki iliyoyeyuka inapoa juu ya bati (inaganda kwenye nyuzi kama 419 hivi), na fuwele yenye matawi namna hiyo inaitwa dendriti, limetoka kwenye neno la Kigiriki dendron, yaani mti.

Sasa kwa nini matawi? Kwa nini lisiwe donge tu la duara?

Wengi tunajua kuganda ni kupoa basi, kumbe kitu kikiganda kinatoa joto, na joto lenyewe si dogo. Kilo 1 ya maji ikiganda inatoa kama kilojuli 334, hizo zinatosha kupandisha joto la kilo 1 ya maji kwa nyuzi 80! Kwa hiyo fuwele ikitaka kukua lazima kwanza itafute pa kulitupia joto lake, na hapo ndo siri yote ilipo.

Jaribu hivi: laza chupa ya plastiki yenye maji safi kwenye friza bila kuitikisa, ukibahatika maji yanashuka mpaka tuseme nyuzi 8 chini ya sifuri na bado ni maji tu. Igonge. Utaona sindano za barafu zinachanua ndani ya chupa sekunde chache tu, halafu ukipima, joto limepanda limerudi sifuri, na kilichoganda ni kama sehemu 1 kwa 10, mengine yote ni maji yaliyonaswa katikati ya matawi. Mi kila nikiliona hili nashangaa upya, maji yamepata joto kwa sababu yameganda!

Sasa fikiria uso wa fuwele uko bapa kabisa, halafu pakatokea kinundu kidogo tu. Ncha ya kinundu imechomoza kwenye majimaji ya baridi zaidi na inatupa joto pande zote, wenzake waliobaki nyuma wanabanana kwenye joto lao wenyewe, kwa hiyo ncha inakua haraka, inafika mbali zaidi, inazidi kukua, aliyetangulia ndo anazidi kutangulia. Wanasayansi wawili, Mullins na Sekerka, walilionyesha hili kwa hesabu miaka ya 1963 na 1964. Ila ncha haiwezi kuwa kali bila mwisho, maana atomi za kwenye ncha nyembamba sana zina majirani wachache wa kuzishikilia, zinayeyuka kirahisi. Basi ncha inabaki na unene wake inasonga mbele, na ubavuni nako vinundu vinatokea, vinakuwa matawi, matawi yanazaa vitawi.

Yanaelekea wapi inategemea atomi zimejipangaje: barafu pande sita, kwa pembe za nyuzi 60 kwa 60, lakini alumini na shaba matawi yanasimama kwa nyuzi 90 kama msalaba.

Kwenye aloi, yaani mchanganyiko wa metali, pia kuna takataka ya kutupa zaidi ya joto, fuwele inaisukuma nje ile metali nyingine isiyoihitaji, inarundikana katikati ya matawi, na huko ndiko nyufa na vitundu vinapopenda kuanzia. Ndo maana wanaosubu vyuma wanahangaika na kasi ya kupoza, ukipoza haraka matawi yanakuwa membamba yamesongamana na chuma kwa kawaida kinatoka imara zaidi.

Kwa kawaida mti wenyewe huuoni, kwa sababu majimaji ya katikati nayo yanaganda yanaufunika. Lakini Mrusi mmoja mtaalamu wa vyuma wa karne ya 19, Dmitry Chernov, alikuwa na mmoja uliotoka kwenye uwazi ndani ya donge la chuma la tani 100. Chuma kilivyokuwa kinasinyaa, majimaji yalishuka yakauacha mti uchi, urefu sentimita 39, na matawi yake yote.