Je, wajua kwa nini hamira hupindua mafuta ya utando wake?

Alfajiri pale Majengo, Dodoma, unga wa mandazi uliokandwa jana usiku huwa umeshaumuka. Hamira ndani yake imekula sukari, ila sehemu kubwa ya sukari ya dukani huivunjia kwanza nje ya seli kwa kimeng'enya kiitwacho invatesi. Kimeng'enya hicho hutengenezwa ndani, kisha husafirishwa hadi ukingoni kikiwa kwenye kifuko kidogo kilichomeguka kutoka kituo cha kupanga mizigo, yaani Golgi. Kuijua njia hiyo, kwa kutumia hamira zenye kasoro, kulimpa mwanabayolojia Randy Schekman sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2013.

Swali ni hili: utando wa Golgi, yaani ngozi yake nyembamba, uliokuwa karibu bapa unapataje kuwa kifuko cha mviringo?

Kwa miaka mingi nilijibu bila kusita: klathrini. Hii ni protini inayojisuka kuwa tenga kuzunguka utando, na niliona utando wenyewe kama mfuko wa nailoni, unaovutwa tu na kutii. Klathrini ni kweli ipo na inafanya kazi. Kosa langu lilikuwa kwenye nailoni.

Tena nyuma ya kosa hilo kulikuwa na jingine. Niliposikia kuwa utando ni mafuta, nilifikiria mafuta juu ya mchuzi, yanayokwenda popote yatakapo. Utando una unene wa nanomita 5 hivi, na ni safu mbili za lipidi, yaani molekuli za mafuta. Kila lipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Vichwa hutazama nje pande zote mbili, mikia hukutana katikati. Ndani ya safu yake lipidi huteleza kwa kasi ya ajabu, ikibadilishana nafasi na jirani mara mamilioni kwa sekunde. Lakini kuvuka kwenda safu ya pili ni kukiburuta kichwa kinachopenda maji katikati ya mafuta matupu. Katika utando usio na protini, hilo laweza kuchukua saa nyingi, hata siku. Mchuzi wangu haukuwa na mpaka, utando unao.

Ndipo zinapoingia protini za kupindua lipidi. Hamira inazo tano: Drs2, Dnf1, Dnf2, Dnf3 na Neo1. Drs2 hukaa Golgi pamoja na mwenzake Cdc50. Hutumia ATP, ambayo ni kama luku ya seli, kuchukua lipidi iitwayo fosfatidilserini kutoka safu ya ndani ya Golgi na kuihamishia safu inayotazama saitoplazimu, yaani majimaji ya ndani ya seli.

Hapo ngozi ya ng'ombe hunisaidia kuliko nailoni. Itandaze mbichi juani bila kuiwamba kwa vigingi. Upande unaopigwa na jua hukauka na kusinyaa, wa chini bado una maji, na ngozi nzima hujikunja kuelekea juu kama bakuli. Hakuna mkono ulioikunja. Pande mbili zilizoshikana zimeacha kulingana ukubwa. Ndivyo na Golgi: safu ya ndani inapungukiwa, ya nje inajaa, na utando unabenuka kuelekea saitoplazimu, mahali hasa kifuko kinapotakiwa kuchomoza. Utando una faida moja zaidi, kwa sababu kinachotolewa huku ndicho kinachoongezwa kule. Mfano wangu una tundu, hata hivyo: ngozi ni ngumu, utando ni majimaji, na lipidi kama ergosteroli huvuka kwa urahisi na kuweza kulegeza mvutano.

Kilichonimaliza ubishi ni hamira isiyo na Drs2. Klathrini na msaidizi wake AP-1 bado hufika Golgi kama kawaida, lakini usafiri unaowategemea unakwama. Tenga lipo, mzigo hautoki.

Je, ni mkunjo peke yake? Tusikimbilie hapo. Fosfatidilserini ina chaji hasi, hivyo Drs2 huongeza mkunjo na chaji kwa pamoja, na protini iitwayo Gcs1 inayosaidia kazi hii huvitambua vyote viwili. Kusema kila kimoja kinachangia kiasi gani ni kazi ngumu.

Ukiondoa Drs2 pamoja na Dnf zote tatu, hamira hufa. Neo1 ikiondoka peke yake, nayo inatosha kuiua. Ukiondoa Drs2 tu, hamira huishi vizuri kwenye nyuzi 30 za Selsiasi lakini hushindwa kukua zikishuka hadi 20. Aina moja ya vifuko hupotea, ila invatesi hupanda aina nyingine na kutoka. Kwa hiyo mandazi ya Majengo pengine yangeumuka tu, mradi yasikandwe usiku wa baridi ya Julai.